Taa Iliyomkataa Mama Mkwe

Mimi nauza vitu vya umeme sokoni, hapa Kisangani: balbu, nyaya, soketi, na chochote ambacho wenye maduka ya jumla wamechoka kukitazama. Kazi yenyewe ni kuongea na kuhesabu. Kuongea nilijifunza, kuhesabu nilizaliwa nako. Kila kitu nakihesabu mara mbili. Hata wanangu wakilala, nawahesabu kutoka mlangoni hadi ukutani, halafu kutoka ukutani kurudi mlangoni. Bado hajazidi hata mmoja.

Zile swichi nilizipata kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kivu, mwenye duka nyuma ya soko. Katoni nzima ilikuwa chini ya meza yake, imevaa vumbi kama koti. Alinifungulia moja: kibamba cheupe chenye ukubwa wa kiberiti, na juu yake mistari miwili ya chuma, myembamba kama nyuzi, iliyokaa jirani bila kugusana. Hakukuwa na kidude cha kubonyeza.

Akaweka ufunguo juu ya mistari ile. Taa haikuwaka. Akaweka kijiko, kimya. Akaweka kalamu, kimya. Kisha akagusa kwa kidole, na balbu ya majaribio ikawaka.

"Unaona, mama? Inajua mutu."

"Inajua mutu," nikamwambia, "lakini hakuna mutu anayeijua. Ndiyo maana iko chini ya meza."

Alicheka kwa uchungu, na bei ikashuka pale pale. Nikaondoka na katoni kichwani, na yale maneno yake nikayachukua bure.

Kwa maneno yale niliuza. Nilifunga swichi moja kwenye ubao mezani kwangu, nikaiunganisha na betri na balbu ndogo, na watu walisimama. "Kijiko, hapana! Ufunguo, hapana! Ndara, hapana! Sasa leta kidole, papa, usiogope... Ona! Hii kitu inajua mutu!" Watu walipenda kutambuliwa. Papa mmoja, baba mnene wa makamo, aligusa, ikawaka, akawageukia wenzake kama mtu aliyepewa diploma.

Moja nikaipeleka nyumbani. Tunakaa kwenye lupango, ndivyo tunavyoita kiwanja chenye uzio na vyumba vya wapangaji, na vyumba vyetu vinafunguka kwenye kolido moja, ujia wa ndani wenye taa moja. Swichi ya zamani ilikuwa imevunjika uso. Watoto waliichokoa na vijiti na vijiko, na siku za mvua ilimrusha mtu. Papa mwenye nyumba, mzee wa familia za kale za Waislamu wa mji huu, fundi wa makobazi, aliniuliza swali moja tu.

"Watoto wakiweka kijiko?"

"Inanyamaza, papa. Inajua mutu."

"Bon. Weka."

Fundi akaifunga, akaongeza kifaa kidogo ili mguso mmoja uwashe na mwingine uzime, nami nikasimama kolidoni nikiwahubiria majirani bure, kama vile ninavyowahubiria wateja. Jirani yangu wa mlango wa mbele, mwanamke wa maombi, mwenye sauti inayofika kabla yake, alipiga makofi. Ninataja makofi yale kwa sababu baadaye niliyakumbuka sana.

Mama mkwe wangu alifika kutoka Isangi baada ya hapo. Mume wangu hufanya kazi kwenye zile mashua ndefu za mbao zenye mota zinazoshuka mpaka Basoko na kuendelea, na alimpandisha mama yake safari ya kurudi, akamshusha bandarini, akashuka tena na mto. Mama akaletwa nyumbani kwa toleka, amekaa nyuma ya baiskeli, kikapu cha samaki wa moshi mapajani, akimtukana dereva kwa kila shimo la barabara. Maisha yake yote alikausha samaki juu ya moshi. Huwageuza kwa vidole, si kwa kijiti, kwa sababu kijiti, anasema, kinachana ngozi na mnunuzi anapata neno la kusema. Tuliheshimiana kwa hilo. Vidole vyake vilikuwa vimeiva kama samaki wenyewe: vyeusi mbeleni, vigumu, vikavu, bila ile mistari ya ngozi ambayo watu wengine wanayo.

Jioni ile giza lilipoanza kuingia kolidoni, nilimwambia, "Mama, washa taa pale. Gusa tu."

Akagusa. Taa haikuwaka.

"Kandamiza kidogo."

Akakandamiza. Akabadilisha kidole. Akaweka gumba. Giza likakaa pale pale.

Jirani wa maombi alikuwa mlangoni kwake, amembeba mwanawe mdogo aliyeanza homa. Alikuja, akaweka kidole pale pale kidole cha mama mkwe kilipotoka, na taa ikawaka. Akazima. Mama mkwe akagusa tena. Hakuna kitu. Nikagusa mimi, ikawaka.

Jirani hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya. Alisema polepole, akiniangalia mimi jirani yake, "Voisine. Weye mwenyewe njo ulisema. Inajua mutu."

Halafu akaufunika uso wa mtoto kwa kitenge, akaingia ndani.

Nilicheka ili mama mkwe acheke. Alitabasamu nusu, akajipangusa vidole kwenye nguo yake kana kwamba vimechafuka. "Kitu ya Kizungu," akasema. "Inachagua."

Asiyekaa kwetu anaweza kufikiri hayo ni mambo ya kucheka tu. Kwetu mzee aliyedhaniwa mlozi, yaani mchawi, haitiwi polisi, huitiwa majirani. Kule Lubunga, ng'ambo ya mto, tulisikia juu ya papa mmoja aliyetolewa kwake mchana kweupe, magodoro yake yakafuata, halafu mawe. Walionisimulia hawakusimulia kwa hasira wala kwa huruma. Walisimulia kama mtu anayetaja bei ya mihogo. Mtoto aliumwa, mzee alikuwepo, hesabu ikafungwa.

Na kwa jirani mtoto alikuwa anaumwa, na kwangu mzee alikuwepo, na ushahidi nilikuwa nimeufunga ukutani mimi mwenyewe.

Kesho yake majirani walipita kolidoni wakijifanya wana shughuli. Mmoja alikuja kuomba chumvi, akaangalia mikono ya mama mkwe, akasahau chumvi. Wengine walimwomba kwa upole, "Mama, hebu washa taa." Adhuhuri! Alipogusa na isiwake, walisema "Aah, courant ni mubaya leo," wakiusingizia umeme, wakaondoka na kwenda kusema mengine. Mwishowe mama mkwe aliacha kupita kolidoni. Alizunguka nje, hata kwenye matope, akakaa jikoni karibu na moto. Moto ulimkubali kila siku.

Nilitaka kuitoa ile swichi. Nilishika bisibisi na nikasimama mbele yake. Lakini nilijua watasema nini: nimeficha shahidi. Nikarudisha bisibisi mahali pake.

Na hofu haikukaa nje peke yake. Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Nimenunua betri zilizojazwa mchanga mara moja tu maishani, na aliyeniuzia bado ananikwepa. Hata hivyo, nikimpa mama mkwe sahani ya lituma, nilijikuta nikiangalia vidole vyake vikiimega ile ndizi iliyopondwa. Mawazo yalikuja bila kubisha hodi. Kitu hakina dini, hakina mdomo, hakina jirani wa kumchukia. Kwa nini kimsingizie? Kijiko, hapana. Ufunguo, hapana. Mama, hapana. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ya sokoni ikihesabu hivyo. Watoto, ambao walizoea kulala naye, nikawaita chumbani kwangu. Nikasema ni kwa sababu ya mbu.

Asubuhi moja, akipuliza moto, aliniuliza bila kunigeukia.

"Mukwe, ile kitu inaona nini kwangu?"

"Haina macho, mama."

"Basi inakosa nini kwangu?"

Nikamletea kuni nyingine, ingawa alizokuwa nazo zilitosha.

Homa ya mtoto ikapanda. Wakampeleka kituo cha afya, wakapewa dawa za malaria, lakini jirani alirudi na neno lingine pia. Alinisimamisha mlangoni, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Sikuweza hata kumchukia vizuri.

"Jumapili, kisha maombi, pasta atakuja na batu. Mama atagusa mbele ya wote. Ikiwaka, nitapiga magoti mimi, nitaomba pardon. Ikikataa, anatoka mu lupango siku ile ile."

"Anakwenda wapi? Bwana yangu iko mutoni."

"Voisine, mutoto yangu iko anakauka. Usiniulize mambo ya mashua."

Nikaenda kwa papa mwenye nyumba. Alikuwa akishona kobazi, ameshika sindano nene, anaisukuma ngozini kwa gumba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kuzuia batu wote," alisema. "Nikizuia, watachoma nyumba. Alors, taa iseme."

"Papa, taa haisemi."

"Weye ulisema inasema."

Siku zilizobaki mezani sikuhubiri. Watu walipouliza, "Mama, ile inajua mutu haiko?" niliwaonyesha balbu za kawaida. Jumamosi mchana nilinunua kwanga, ule mkate wa muhogo uliochachushwa na kupikwa ndani ya majani, bado una jasho. Nilimenya majani, nikauma mara moja. Mteja akaniita. Nikauweka kwanga juu ya ubao bila kuangalia.

Taa ndogo ikawaka.

Niliruka. Kwanza niligeuka kuona ni mkono wa nani. Hapakuwa na mkono. Kulikuwa na kwanga, ameumwa upande mmoja, amelala juu ya ile mistari miwili, na balbu inawaka kwa furaha. Nikamwinua, ikazima. Nikamlaza, ikawaka. Mteja akasema, "Mama, unauza ao unacheza?" Nikamwambia arudi baadaye, neno ambalo sijawahi kumwambia mteja.

Nikafikiri kama mtu anayetafuta kasoro kwenye bidhaa. Ufunguo ni chuma tupu, umeme unapita humo kwa wepesi kuliko kwa mtu, imekataa. Kalamu ni kavu, umeme haupiti, imekataa. Kwanga ana unyevu wa katikati, kama kidole. Basi haitafuti mtu. Inatafuta unyevu wa kiasi fulani. Na mtu akiwa mkavu?

Nikavua ndara yangu, nikainua mguu mbele ya soko zima, nikaweka kisigino changu kwenye ubao. Kisigino cha mwanamke aliyesimama sokoni miaka yote hii, kilichopasuka kama barabara ya kwetu. Taa haikuwaka. Nikarudia, kwa desturi yangu. Haikuwaka. Nikaweka sehemu laini ya katikati ya unyayo, ikawaka.

Mwenzangu wa meza ya pili, muuza sabuni, aliniangalia kwa muda mrefu. "Mama, nikuitie mutu?"

"Kisigino yangu haiko mutu," nikamwambia, na nikacheka mpaka machozi yakatoka, halafu machozi yakaendelea peke yake.

Furaha ile haikufika nyumbani. Njiani nilianza kujibishana mwenyewe kwa mdomo wa jirani. Nitaonyesha kwanga, watasema kwanga amefanyiwa dawa na mkono uliomshika. Nitaonyesha kisigino, watasema kisigino si mkono. Watu waliokwisha kununua neno hawalirudishi kwa sababu ya kwanga. Nilihitaji kitu ambacho hawataweza kukikataa, na nilijua kimoja tu. Sikuwa na njia ya kukijaribu kabla. Kama nimekosea, nitakuwa nimemtoa mama mkwe kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili kolido ilijaa. Pasta alikuja, kijana mwembamba mwenye suti kubwa, na nyuma yake watu ambao sikuwajua. Uani niliona vijana wawili wamesimama kando ya lundo la matofali mabovu, wakiongea taratibu, kila mmoja amekwisha chagua la kwake. Papa mwenye nyumba alikaa kwenye kiti mlangoni kwake. Mama mkwe alivaa kitenge chake kizuri, kile cha safari. Alikuwa amefunga kikapu chake.

"Mama aguse," alisema pasta.

"Ngoja," nikasema. "Mimi njo niliuza. Ninafungua mimi."

Nikapanda juu ya meza niliyoisogeza ukutani, nikakaa, nikaweka kisigino kwenye swichi. Giza. Nikamwambia jirani aweke chake, akakataa; muuza sabuni, ambaye nilimwomba aje, akaweka chake. Giza. Mtu mmoja akacheka.

"Kisigino haiko mukono," alisema pasta.

Nikatoa kwanga, nikamgusisha pale. Taa ikawaka. Nikamgusisha tena, ikazima. Wakacheka wengi sasa, na mwanamke mmoja akasema, "Eeh, basi tumekula batu mingi!" Kwa pumzi moja nilifikiri tumepona. Lakini jirani alisogea mbele.

"Kwanga imetoka mu nyumba yake! Mutu gani anajua wamefanyia nini? Mama aguse! Kwa kidole, kama sisi wote!"

Kicheko kikakatika. Nje matofali yaligongana. Mama mkwe alinyoosha mkono wake kuelekea ukutani, kidole mbele, na mimi niliushika. Ulikuwa mgumu na wa moto. Nikaushikilia.

"Mbele yake, mutu moja," nikasema. "Mutu mwenye hakuna anayeweza kumusemea mubaya hapa. Mwenye nyumba. Yeye aonyeshe kwanza namna mutu anawasha."

Watu wakakubali kwa vichwa; lilikuwa jambo la heshima. Papa mwenye nyumba alishangaa kidogo. Chumba chake kina taa yake, na saa ya kuwasha ile ya kolido yeye huwa msikitini. Akirudi, inawaka tayari. Tangu ilipofungwa sikuwahi kumwona ameigusa. Alisimama, akavuta kanzu, akaja. Sikuwa naangalia uso wake. Nilikuwa naangalia lile gumba, lililosukuma sindano kwenye ngozi ya viatu tangu ujana wake.

Akaligandamiza kwenye mistari miwili.

Taa haikuwaka.

Akabonyeza tena, kwa nguvu, kama anayebonyeza sindano. Akaweka kidole cha pili, kile ambacho ngozi hupita juu yake. Giza. Nikaona hofu ikipita machoni pake mwenyewe, haraka, ile ile niliyoiona kwa mama mkwe, na nikajua kwamba na yeye, kwa muda ule mdogo, alijiuliza.

Kisha akageuka, akawaangalia wote, mmoja mmoja.

"Alors?" akasema. "Nani ananitoa mu nyumba yangu?"

Pasta aliangalia viatu vyake. Jirani aliweka mkono mdomoni.

"Ninauliza. Mimi pia niko mulozi? Wewe, unakaa hapa kwa chumba ya nani? Wewe, nilikushonea viatu ya ndoa. Niko mulozi?"

"Hapana, papa," walisema, kwanza mmoja, halafu kwa pamoja.

"Basi na mama haiko." Akaniangalia mimi sasa, na sikupenda. "Na weye, toa hii kitu kwa ukuta yangu. Leo. Usiniletee tena kitu ya kuchagua batu."

Watu walitoka polepole kuliko walivyoingia. Wale vijana wawili waliyarudisha matofali kwenye lundo, bila haraka, kama watu waliokuwa wakisaidia kupanga. Jirani hakupiga magoti, na mimi sikumdai. Mtoto wake alipona wiki iliyofuata. Yeye anasema ni maombi, mimi nasema ni vidonge, na tunasalimiana.

Swichi ya ukutani sasa ni ya kawaida, ile ya kidude cha kubonyeza. Inawaka kwa kidole, kwa kijiti, kwa kiwiko, hata mpira wa watoto ukiipata. Katoni iliyobaki nilimrudishia yule wa Kivu kwa hasara, na aliponiuliza sababu nikasema wateja hawapendi rangi.

Mama mkwe alikifungua kikapu chake, lakini siyo siku ile. Watoto wanalala naye tena. Sikueleza habari ya mbu, naye hakuuliza.

Giza likianza kuingia, huwa niko jikoni nasonga lituma, naye huenda kolidoni kuwasha. Namsikia akifika pale. Kisha anasimama. Najua amesimama mbele ya ukuta, mkono haujafika. Jirani huvuta mlango wake wakati huo huo. Bado anauvuta, taratibu, ili usilie. Ninashika mwiko bila kuuzungusha. Nasubiri mpaka nisikie kile kidude kikilia, tak, na mwanga uje chini ya mlango.

Jioni nyingine anazima, halafu anawasha tena. Simuulizi kwa nini. Nasubiri tak ya pili pia, ndipo nageuza mwiko.